Itakuwa Baridi Kidogo

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mimi huweka chupa ya jeli ndani ya beseni la maji ya moto. Naiacha pale huku nikitandika karatasi mpya juu ya kitanda, navuta pazia, nazima taa kubwa na kubakiza ile ndogo ya pembeni. Mashine inaamka polepole, na chumba kizima kinapata rangi ya kijivu, kama alfajiri isiyotaka kwisha. Halafu namwita mgonjwa, namsaidia kulala, namkamulia jeli tumboni na kusema, "Itakuwa baridi kidogo, samahani."

Haiwi baridi. Beseni limeshaipasha moto. Lakini ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na nimeona kwamba watu hupenda kuombwa samahani kabla ya kuguswa.

Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni, na kazi ya altrasaundi ilinifaa kwa sababu wagonjwa hutazama kioo cha mashine, hawanitazami mimi. Ini hupita kama wingu zito. Figo hulala pembeni kama harage. Mara nyingine kuna moyo wa mtoto, mdogo mno, unapepesa kama taa ya mbali. Nikishazima ile taa kubwa, nusu yangu huwa kazini na nusu nyingine huwa sijui wapi, mahali penye ukungu na utulivu.

Jumatatu ile mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja kupimwa nyongo. Kila aliyepita mlangoni alimwita Mwalimu tu, hata daktari, kwa hiyo na mimi nikamwita hivyo. Nilimpima, nikahifadhi picha, nikachukua karatasi laini ya kumfutia kama ninavyomfutia kila mtu. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Alichovya kidole kwenye jeli iliyobaki tumboni, akaisugua taratibu kwa kidole gumba, macho yameelekea dari, kama mtu anayepima kitambaa dukani kabla hajauliza bei.

"Hii mnauza?"

"Hapana, Mwalimu. Ni ya hapa hapa, ya kupimia."

"Mngeiuza. Inateleza vizuri."

"Ngozi yako imekauka? Kuna mafuta mazuri tu ya..."

"Ngozi haina neno," alisema. "Mimi na mzee wangu tumezeeka ila hatujazimika. Tangu hedhi ikome, huku chini kumekuwa kukavu. Tukikaribiana naumia, naye anaogopa kuniumiza, basi anageukia ukutani. Nimemwambia asigeuke, nitatafuta dawa. Kumbe dawa yenyewe ninyi mnawapaka watu matumboni, halafu mnaifuta na kuitupa."

Mkono wangu ulibaki hewani na ile karatasi. Kwenye kioo, nyongo yake ilikuwa bado imeganda, nyeusi na tulivu, kama kidimbwi usiku.

"Hii haikutengenezwa kwa ajili ya huko, Mwalimu," nilisema. Nilishangaa sauti yangu ilivyotoka imetulia. "Kuna vilainishi vyake maalumu, vya maji. Vinapatikana duka la dawa. Ni kitu cha kawaida kabisa, wanawake wengi wanavihitaji."

"Vinaitwaje?"

"Majina siyajui. Naweza kukuulizia."

"Niulizie basi. Alhamisi nakuja kuchukua majibu." Aliketi, akafunga vifungo vyake kimoja kimoja, bila haraka. Mlangoni aligeuka. "Na usiinamishe kichwa hivyo, binti. Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa."

Alipotoka sikumwita anayefuata. Nilikaa kwenye kile kiti cha magurudumu, nikasikiliza feni ya mashine. Nilikuwa nimezungumza na mtu mzima, bila kutetemeka, juu ya jambo ambalo nyumbani kwangu nimelitembeza mdomoni kama kaa la moto tangu binti yetu azaliwe.

Mume wangu ni fundi wa miwani. Hukaa nyuma ya duka, mahali wateja hawaoni, na kusaga lenzi ziingie kwenye fremu. Siku za uchumba nilikuwa nikimfuata huko nikitoka chuoni. Jiwe la kusagia lilizunguka, maji membamba kama uzi yakishuka juu yake, na yeye akiwa ameinama na kipande cha kioo vidoleni, kimya, kama anayemnong'oneza mtu. Ile sauti ya maji ilikuwa ikinipa usingizi mtamu. Nadhani nilimpenda humo, katikati ya sauti hiyo, kabla hajaniambia neno lolote la maana. Na kweli hakuwa amesema neno. Kama mimi ni mpole, yeye ni bubu wa kujitakia. Watu wa pande zote mbili walijiuliza tulichumbianaje.

Kisha akaja Kipusa. Ndivyo tunavyomwita binti yetu, na tangu hapo mimi ni Mama Kipusa na yeye ni Baba Kipusa, hata sisi kwa sisi. Mwili wangu ulipona, au watu walisema umepona. Lakini siku tuliyokaribiana tena, niliumia kama niliyepakwa mchanga. Nikauma mto. Yeye hakujua, kwa sababu gizani sikutoa hata pumzi. Mara iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Baada ya hapo nikajifunza ujanja: nikawahi kulala, au kujifanya nimelala. Nikamlaza mtoto katikati. Nikakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa.

Na yeye si mtu wa kuuliza mara mbili. Jioni moja alibeba mto wake akaenda nao sebuleni. "Nakoroma," alisema, "nitamwamsha mtoto." Hakoromi. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa macho.

Wiki ile ya Mwalimu, mambo yalikuwa yamefika shingoni. Mkuu wake wa kazi alikuwa anafungua duka jingine kwenye mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na alimtaka yeye akasimamie usagaji kwa mwaka. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Aliniambia huku akisuuza vikombe.

"Labda ni bora niende," alisema. "Utapumzika."

Nilikuwa na neno moja tu. Lilifika hadi nyuma ya meno. Nikasema, "Kama unaona ni sawa."

Alikifuta kile kikombe muda mrefu sana kwa kikombe kidogo kama kile.

Siku iliyofuata baada ya Mwalimu, nilitoka kazini nikapita maduka ya dawa ninayoyajua, nikaenda kwenye lile lililo karibu na stendi, ambako hakuna anayenijua. Kulikuwa na rafu za kioo, mizani ya kupimia watoto, na harufu ya spiriti na karatasi. Mfamasia alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Mbele yangu kulikuwa na kijana aliyetaka dawa ya kikohozi. Nilimwombea moyoni aondoke upesi, na kwa sababu hiyo hakuondoka upesi.

"Nikusaidie nini, binti?"

"Nina mgonjwa," nilisema. "Ameniagiza."

"Mgonjwa wako anaumwa nini?"

Nikatazama mizani ya watoto. "Ni mama mtu mzima. Amekoma hedhi. Anahitaji... cha kulainisha. Cha maji."

Hakucheka wala hakupandisha sauti. Alinionyesha kwa kidevu mwisho wa kaunta, palipo na pazia, akaja na vitu mkononi na kuvipanga mbele yangu kwa utulivu wa mtu anayepanga vijiko.

"Hiki ni cha silikoni. Hakikauki upesi, ila kukitoa kwenye shuka ni kazi, na shuka zina domo. Hiki hapa kina mafuta. Wapo pia wanaotumia mafuta ya kujipaka ya nyumbani, yale ya kopo, wakidhani mafuta ni mafuta. Kondomu haipatani na mafuta kabisa, inalegea na kupasuka. Mgonjwa wako anatumia kondomu?"

"Ndiyo," nilijibu haraka, "kwa sababu mtoto bado mdogo."

Mfamasia alikisogeza pembeni kile chenye mafuta.

"Mtoto bado mdogo," alisema.

"Ndiyo. Bado ananyonya."

Ndipo niliposikia nilichokisema. Uso ulinichemka hadi masikioni. Mfamasia alivaa miwani yake taratibu, akanitazama, akatazama titi langu lililokuwa limeanza kulowesha blauzi kwa sababu saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika.

"Amekoma hedhi na ananyonyesha," alisema. "Mungu ni mwema."

Sikuweza kuzuia. Kicheko kilinitoka puani, kidogo, kama chafya.

"Basi tuseme ni wagonjwa wawili," alisema.

"Wawili," nilisema. "Ndiyo."

"Sawa. Wote wawili watafaa kupata cha maji. Hakidhuru kondomu, na kinatoka kwa maji tu. Lakini si kila cha maji ni kizuri. Chenye manukato, chenye ladha ya matunda, chenye kuleta joto, waviache. Huko chini hakuna pua wala ulimi wa kuvifurahia, kuna ngozi nyepesi tu ya kuwashwa. Na hivi vyenye utamu mwingi ndani yake, mwenye kupata fangasi mara kwa mara asivisogelee. Lete mkono."

Nilimpa mkono. Ndani ya kiganja aliniwekea matone matatu kutoka katika tyubu tatu za kujaribishia wateja, yakakaa pale yaking'aa chini ya taa. Nikafumba macho, sijui kwa nini. La kwanza lilinata kama gundi ya bahasha. La pili lilikimbia, likashuka hadi kwenye kifundo cha mkono kabla sijaligusa. La tatu lilitulia. Nililisugua kwa kidole na kidole kikaenda chenyewe, bila sauti, na kwa kitambo nilisahau nilipo. Nilisikia maji membamba yakishuka juu ya jiwe linalozunguka.

"Hili," nilisema.

"Mwenye macho ya vidole hana haja ya maelezo." Akageuza boksi nikaona maandishi. "Halina rangi, halina harufu, na uchachu wake unakaribiana na wa mwili. Ajaribu kwanza kidogo kwenye ngozi ya ndani ya mkono, asubiri kesho, aone kama panawasha. La maji hukauka, asishtuke. Alowanishe vidole kwa maji kidogo, litaamka tena."

"Litaamka?"

"Kama halijawahi kukauka. Na huyu anayenyonyesha, mwambie jambo moja. Maziwa yakitoka, mwili hukauka kwingine. Si kwamba hampendi mumewe. Ni homoni, na unyevu hurudi. Ila akiumia hata na hiki, aende kwa daktari, asiume mto."

Nilimtazama. Sikuwa nimetaja mto.

"Mumewe anajua?" aliuliza akifunga maboksi mawili kwenye karatasi ya kaki.

"Bado."

"Kilainishi hakisemi, binti. Kinalainisha tu. Kusema ni kazi yake yeye."

Nyumbani nilimkuta wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye hutulelea Kipusa mchana. Nampenda sana wifi, lakini macho yake hayana pazia. Hufungua kila kabati akitafuta kijiko, na akikuta kisichokuwa kijiko anauliza cha nini. Nikaingia bafuni na mkoba wangu, nikajifungia. Boksi langu lilikuwa na maandishi makubwa upande wa mbele ambayo hata mtu anayepita barabarani angeyasoma. Nikaona nitaumbuka.

Kwenye rafu palikuwa na kichupa changu cha jeli ya nywele, cha tangu chuo, kilichokwisha zamani na ambacho sikuwahi kukitupa. Nikakiosha kwa maji ya moto hadi kikang'aa, nikakikausha, nikakamulia kilainishi humo ndani, nikakiweka nyuma ya poda ya mtoto. Boksi nikalichana vipande vidogo. Nilifurahia akili yangu. Kisha nikaweka tone kwenye ngozi ya ndani ya mkono, nikatoka, nikanyonyesha.

"Wifi, leo una raha gani?" aliniuliza. "Unatabasamu na ukuta."

"Nimechoka tu."

"Hapo kwako kuchoka kuna meno nje?"

Mkono haukuwasha, si kesho yake wala Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo Mwalimu alikuja kuchukua majibu. Nyongo yake haikuwa na mawe. Nikampa kile kifurushi cha kaki, nikitegemea atakitia mkobani. Alikifungua palepale kwenye foleni, akaweka miwani, akasoma maelezo yote mdomoni, kimya kimya, midomo ikitembea, kama anayesahihisha insha.

"Lugha nzuri," alisema. Akanishika bega. "Mimi umeniulizia. Na wewe nani anakuulizia?"

"Mimi, Mwalimu?"

"Juzi ulivyokuwa ukinijibu, hukuwa ukinijibu mimi peke yangu. Nimefundisha wasichana miaka na miaka. Anayejua jibu hunyoosha mkono. Anayejua jibu na linamhusu, hutazama dirisha."

Pale hapakuwa na dirisha. Nilikuwa nikitazama sakafu.

Jioni hiyo nilipiga moyo konde. Nilipika mapema, nikamlaza mtoto, nikakaa sebuleni pembeni ya mto wake. Alirudi, akala, akanishukuru kama mgeni anavyoshukuru. Nilianza kusema, nikauliza kama chumvi ilitosha. Akasema imetosha. Akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, na nikaona naye alikuwa na la kusema. Tukakaa hivyo kama watu wawili wanaosubiri mlango mmoja, kila mmoja akimwachia mwenzake apite kwanza, hadi tukapitiwa na usingizi.

Asubuhi ya Ijumaa nilitoka yeye akiwa bado ananyoa ndevu. Kutwa nzima chumba changu cha kijivu kilikuwa kama kimezama majini. Niliwaambia watu itakuwa baridi kidogo, samahani, na kila mara nilimwona mkuu wake wa kazi akimpa mkono.

Mvua ilianza mchana, ile ya manyunyu kwanza, kisha ikashuka yote. Nilifika nyumbani nikiwa nimejifunika mfuko. Wifi alikuwa amekaa mkekani na Kipusa, akimjengea mnara wa vifuniko. Hatukuwa tumemaliza salamu mlango ulipofunguliwa, akaingia Baba Kipusa.

Alikuwa ameloa chapachapa. Lakini si hilo lililotufanya tumtazame. Nywele zake, ambazo siku zote husimama zinavyotaka, zilikuwa zimelala kichwani zote upande mmoja, zinang'aa, na kutoka kwenye paji la uso kitu kizito chenye kung'aa kilikuwa kikishuka polepole kuelekea kwenye nyusi. Alijaribu kukifuta. Mkono ukateleza hadi sikioni.

"Kaka," alisema wifi, "umezaliwa upya?"

"Nipe taulo."

"Nikupe taulo nikushikie wapi? Umekuwa kambare."

"Mama Kipusa, ile jeli yako ya nywele ni ya namna gani?" aliniuliza mume wangu, akifinya macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa fundi mbele ya mashine asiyoijua. "Nimepaka asubuhi nikaonekane nadhifu kwa mkuu. Kufika huko imekauka, inatoka magamba meupe, mabegani kote. Sasa mvua imeipata tu, imefufuka."

Litaamka tena. Nilimwona yule mfamasia na kamba yake ya miwani.

"Jeli gani?" aliuliza wifi. "Wifi hana jeli. Mimi naijua rafu ile."

"Ipo nyuma ya poda."

"Nyuma ya poda?" Wifi akanigeukia, na macho yale yasiyo na pazia yakafunguka zaidi. "Wifi, umempaka kaka yangu nini?"

Uongo ulikuwa tayari, umekunjwa vizuri, wa kuvaa tu: ni jeli ya kazini, ya altrasaundi, nilikuja nayo kwa bahati mbaya. Kila mtu angeuamini. Tungecheka, na kesho angepanga nguo zake kwenye sanduku.

"Mkuu amesemaje?" niliuliza badala yake.

"Mkuu?" Alifuta nyusi kwa mgongo wa mkono. "Mkuu kutwa nzima ananitazama mabega. Mwisho akaniuliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Nikamwambia hapana, akasema hata kama hapana, nenda nyumbani ukajitazame, hili la safari utanijibu jioni kwa simu. Sijamjibu bado."

Wifi alikuwa ameshacheka hadi machozi. Lakini alinitazama tena, akaona jambo usoni mwangu, na cheko likaisha taratibu kama maji yanayoingia mchangani. Ana mdomo, wifi yangu, ila ana moyo pia. Akasimama, akambeba Kipusa kiunoni.

"Twende kwa jirani, shangazi yako akakuonyeshe paka," alimwambia mtoto. "Hapa pana utelezi."

Akachukua mwavuli. Mlango ukafungwa. Mvua ilikuwa ikishuka kwenye paa kwa sauti moja nyembamba, isiyokatika.

Nikaleta taulo na beseni la maji ya uvuguvugu. Akakaa kwenye kochi, pembeni ya mto wake, nikamvua miwani nikaiweka mezani karibu na simu yake. Nikamwinamisha kichwa. Ilikuwa siku nyingi sijamgusa bila sababu ya mtoto kati yetu. Jeli iliyeyuka chini ya vidole vyangu, ikateleza, ikaondoka na maji, nyepesi, isiyo na harufu, kama nilivyoichagua. Alifumba macho. Ningeweza kuendelea hivyo hadi maji yapoe, nisiseme neno, na lingekuwa jambo zuri, na lingekuwa bure.

"Si jeli ya nywele," nilisema.

"Ni nini?"

"Niliinunua kwa ajili yetu. Nikaificha humo kwa sababu ya wifi." Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikaisukuma. "Ni kilainishi. Cha kutumia... tukiwa pamoja. Tangu nimzae Kipusa, nakuwa mkavu. Naumia. Sikuwahi kukwambia."

Aliinua kichwa. Maji yalikuwa yakimchuruzika shingoni, na bila miwani macho yake yalikuwa laini na ya mbali, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Unaumia," alisema.

"Ndiyo maana nilikuwa nalala mapema."

"Mimi nikadhani umenichoka." Alisema polepole, akichagua. "Nikasema moyoni, kama kuniona kunamchosha, nimwondokee. Mama Kipusa, mimi nasaga vioo. Siwashi jiwe kabla maji hayajaanza kushuka, hata siku moja. Ungeniambia tu pakavu, mimi ningekuuliza nini tena?"

"Nilikuwa naona haya."

"Na mimi."

Mezani simu ikaanza kutetemeka. Jina la mkuu wake likawaka kwenye kioo, simu ikawa inajisogeza yenyewe kidogo kidogo kuelekea kwenye miwani. Wote wawili tuliitazama. Hakuinyanyua. Alinitazama mimi, au alitazama mahali ambapo bila miwani alikisia uso wangu ulipo, akangoja, kama alivyongoja siku ile ya vikombe.

Nilimshika uso kwa mikono yote miwili. Ilikuwa bado inateleza kidogo.

"Nakutaka," nilisema. "Usiende."